Kufunga Matairi Makubwa kwenye Gari la 4x4 bila Kuinua Springi: Mwongozo kwa Madereva wa Malindi

Mwenye gari la 4x4 anayeishi Malindi hukanyaga ardhi za namna nyingi ndani ya siku moja. Akitoka mjini hupita lami, huvuka daraja la Sabaki, na akifika Mambrui hukunja kuelekea baharini kwenye mchanga mwepesi usioshika tairi. Akiendelea mbele hadi Gongoni na Ngomeni hukuta ardhi ya mashamba ya chumvi, ambayo juu imekauka ikapasuka na chini yake bado ni tope. Akielekea Marafa hupambana na makorongo na vumbi jekundu, na akishika njia ya Kakoneni na kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala hukuta changarawe na mawe. Ndiyo maana wengi huuliza kama wanaweza kufunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani bila kununua springi ndefu. Inawezekana, lakini kwa kiasi, na kiasi hicho hakiamuliwi na muuza matairi wala na gari la jirani. Kinaamuliwa na nafasi inayobaki kati ya tairi na gari pale usukani unapokuwa umekunjwa hadi mwisho na springi imebonyea hadi mwisho kwa wakati mmoja. Kazi yote iliyoelezwa hapa ni ya kuitafuta nafasi hiyo na kuipima kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kuna sababu nzuri ya kuziacha springi kama zilivyo. Gari likiinuliwa, uzito wake hupanda juu, pembe za magurudumu ya mbele hubadilika, na maungio ya ekseli za mbele hufanya kazi yakiwa yamepinda kuliko yalivyokusudiwa. Kwa mtu ambaye nusu ya safari zake ni lami ya Mombasa au ile ya Garsen kwenda Mokowe, gari likiwa limejaa watu na keria imesheheni mizigo, kimo cha kiwandani ni sehemu ya usalama wake. Isitoshe, springi ndefu haziinui difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, hata milimita moja kwenye gari lenye ekseli nzima nyuma, kwa kuwa difu imo ndani ya ekseli na ekseli imebebwa na magurudumu. Kinachoinua difu kutoka kwenye jiwe ni tairi peke yake.

Hatua ya kwanza: soma namba na upige hesabu

Chukua mfano wa Prado yenye matairi ya 265/65R17. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambapo inchi moja ni milimita 25.4. Kimo cha tairi zima hupatikana kwa kuzidisha ubavu mara mbili na kujumlisha rimu. Ubavu ni 265 mara 0.65, yaani milimita 172 na ushee, na rimu ni milimita 431.8, hivyo tairi hili lina kimo cha milimita 776. Ukipanda saizi moja hadi 265/70R17, ubavu unafika milimita 185.5 na tairi zima milimita 803. Tofauti ni milimita 26.5, lakini gari litapanda kwa nusu yake tu, yaani milimita 13, kwa sababu nusu nyingine imeongezeka juu ya ekseli, na hiyo ndiyo inayotafuta mahali ndani ya fenda.

Milimita 13 zinaweza kukuvunja moyo, na ni vyema kulijua hilo mapema. Faida kubwa ya tairi la kimo iko kwenye ubavu. Ubavu mrefu hukubali kupunguzwa upepo zaidi, na tairi lililopunguzwa upepo hurefusha unyayo wake, yaani sehemu inayogusa ardhi, kwenye mchanga na kuelea badala ya kuchimba. Pia humeza jiwe ambalo ubavu mfupi ungepigwa nalo hadi kwenye rimu.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kuwa mzunguko wa tairi umeongezeka kwa asilimia 3.4. Hicho ni kiasi ambacho gari la kawaida hukivumilia bila kubadilisha kitu kingine. Ukiruka hadi 285/70R17, kimo kinafika milimita 831, ongezeko la asilimia 7, na upana umeongezeka pia. Hapo Prado ambayo haijainuliwa itagusa, na kuizuia isiguse kunadai kukata chuma. Kwa Suzuki Jimny ya umbo jipya, tairi la kiwandani la 195/80R15 lina kimo cha milimita 693. Saizi ya 215/75R15 huingia kwa urahisi, na 235/75R15, yenye milimita 733, ndiyo mwisho wa busara kwa gari lisiloinuliwa, tena kwa kukubali kupunguza plastiki kidogo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazovaa 7.50R16 tayari zina tairi refu jembamba la karibu sentimita 80, na wenye magari hayo mara nyingi hawahitaji ukubwa, wanahitaji meno mazuri.

Ukiona lazima uchague kati ya kimo na upana, chagua kimo. Upana ndio unaoleta ugomvi mwingi na chasisi na fenda usukani unapokunjwa, na mchangani tairi pana lenye upepo mwingi husukuma rundo la mchanga mbele yake. Tairi likipunguzwa upepo, unyayo hurefuka kuliko unavyotanuka, na urefu huo ndio unaolibeba gari pale Mambrui.

Kwenye ubavu huo huo wa tairi soma mambo mengine mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni namba ya uzito na herufi ya kasi: 112S, kwa mfano, maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120 kwa kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Namba ya uzito isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. La pili ni tarehe ya kutengenezwa, ambayo huandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu 2323 zinaonyesha wiki ya 23 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea, na joto la pwani huharakisha uzee huo, kwa hiyo usikubali tairi lililolala dukani miaka mingi eti kwa kuwa meno yake hayajaguswa.

Hatua ya pili: ijue rimu yako

Nyuma ya rimu kuna namba mbili muhimu, upana wake na namba inayotanguliwa na herufi ET. Namba ya ET ni umbali, kwa milimita, kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu kinachofungiwa rimu) na mstari wa katikati wa rimu. Namba hii ikipungua kwa 20, gurudumu zima linatoka nje kwa milimita 20. Wengi hudhani kwamba gurudumu likitoka nje linapata nafasi zaidi. Ndani, upande wa chasisi, ni kweli. Lakini usukani ukikunjwa, bega la nje la tairi sasa huchora duara kubwa zaidi na kwenda kugonga kona ya bampa mbele na plastiki ya fenda nyuma, mahali ambapo kwa rimu ya kiwandani pengine lisingefika. Kwa sababu hiyo, kwa gari ambalo halijainuliwa, rimu za kiwandani ndizo bora, na mara nyingi ndizo zinazoamua kama tairi lililopanda saizi moja litakaa bila kugusa.

Vipande vya kutenganisha rimu na habu, ambavyo watu hufunga ili gurudumu litoke nje, sivishauri kabisa. Vinaongeza mzigo kwenye beringi, vinaongeza nati ambazo huzioni bila kuvua gurudumu, na vinaleta ule ule ugomvi na bampa. Meno ya tairi yakitokeza nje ya fenda hurushia mawe magari ya nyuma, na mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, anaweza kulikataa gari kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu: rudisha kimo cha kiwandani

Hatua hii hurukwa na wengi. Springi za gari lililobeba mizigo kwa miaka mingi hulegea, na gari linaweza kuwa limekaa chini ya kimo lililotoka nacho kiwandani. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu na matairi yana upepo sawa, kisha pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne. Linganisha kushoto na kulia, na ukiweza linganisha na gari jingine la aina yako ambalo springi zake bado ni nzima. Ukikuta upungufu wa kuonekana, badilisha springi kwa nyingine za kimo kile kile cha kiwandani na uangalie shokomzoba na bushi kwa wakati mmoja. Huko si kuinua gari, ni kulirudishia haki yake, na mara nyingine nafasi uliyokuwa ukiitafuta kwa grinda hupatikana hapo hapo. Mikono, boljointi na maungio ya usukani yaliyolegea nayo yakazwe au yabadilishwe sasa, kwa sababu tairi zito litauharakisha uchakavu uliokuwa ukienda polepole.

Hatua ya nne: jaribu kwa tairi moja

Muombe muuza matairi akufungie tairi moja kwenye rimu yako kabla hujalipia yote, au uliazime kwa rafiki mwenye saizi unayoitaka. Muuzaji anayejua kazi hatakataa, hasa ukimwambia kwamba unataka kununua matano.

Funga tairi hilo mbele kushoto. Shusha gari kabisa hadi likalie chini kwa uzito wake wote, kwani likiwa kwenye jeki springi hunyooka na nafasi huonekana kubwa kuliko ilivyo. Chovya chaki kwenye maji uipake kwenye mabega yote mawili ya tairi, la ndani na la nje. Mtu mmoja akae kwenye usukani na injini ikiwa inawaka, mwingine achutame pembeni na tochi, na asipitishe mkono ndani ya fenda kwa hali yoyote. Kunja usukani polepole hadi mwisho upande mmoja, kisha upande wa pili. Baada ya hapo tembeza gari mbele mita chache huku usukani umekunjwa hadi mwisho, kisha rudi nyuma vivyo hivyo. Kurudi nyuma ni muhimu, kwa kuwa mipira ya bushi huvutwa upande mwingine na gurudumu husogea kidogo, na mikwaruzo mingi husikika hapo kwanza.

Sasa bonyeza springi. Tafuta ukingo wa saruji au kifusi kigumu cha kimo cha sentimita 25 hivi, upandishe gurudumu la mbele kushoto peke yake, kwa gia nzito ya chini na mtu akikuongoza nje, hadi springi ya gurudumu hilo ibonyee na mpira wa kizuizi uguse au ukaribie kugusa. Ukiweza kupandisha na gurudumu la nyuma kulia wakati huo huo, springi itabonyea zaidi. Ukiwa umesimama hapo, kunja tena usukani pande zote mbili. Rudia jambo hili upande wa kulia, usidhani kwamba pande mbili za gari zinalingana. Mabomba, nyaya na plastiki hazipiti sawa. Kisha lihamishie tairi nyuma na ulipandishe pale pale. Nyuma hakuna usukani, lakini gari likibeba watu sita na magunia, tairi huingia ndani ya fenda mbali zaidi ya unavyofikiri.

Chaki itakuonyesha palipoguswa. Mahali pa kwanza pa kutazama ni raba ya matope na plastiki iliyo nyuma ya gurudumu la mbele. Pa pili ni kona ya chini ya bampa. Ndani, tazama stabilaiza na ubavu wa chasisi, na utazame mpira wa breki katika pembe zote za usukani, maana huo hauruhusiwi hata kukaribiwa. Mwisho, tazama ile sehemu bodi inapokalia chasisi, nyuma ya gurudumu la mbele karibu na miguu ya dereva. Kwenye Prado na Hilux hapo ndipo ukubwa wa tairi hukomea.

Pasipoguswa napo papimwe. Acha nafasi isiyopungua milimita 25 popote inapowezekana. Sababu yake utaiona wakati wa masika ukipita udongo mweusi wa delta ya Tana upande wa Garsen. Udongo ule hujisokota kwenye tairi tabaka juu ya tabaka, hujaza nafasi kati ya meno na plastiki, na mwisho hulikaba gurudumu lisizunguke. Gari lenye nafasi ya kidole kimoja huzima hapo wakati gari lenye tairi dogo linapita.

Hatua ya tano: ondoa mguso, kuanzia kwa kilicho chepesi

Anza na raba ya matope. Isogeze nyuma au uipunguze, usiiondoe kabisa, kwa sababu ndiyo inayozuia mawe yasichimbe rangi ya milango. Plastiki ya ndani ya fenda huweza kupashwa moto kwa kifaa cha hewa moto hadi ilainike, ikasukumwa nyuma kwa kipande cha mbao na kushikiliwa hadi ipoe. Ikibidi, ongeza klipu mpya ili isirudi. Kona ya bampa ya plastiki inaweza kukatwa sentimita moja au mbili kwa kisu kikali na kupigwa msasa, na ikifanywa kwa utulivu hakuna atakayeiona.

Kisha uende kwa fundi wa alaimenti. Prado na Hilux zina bolti za kurekebisha kwenye mikono ya chini ya mbele, na fundi mwenye mashine nzuri anaweza kulisogeza gurudumu mbele milimita chache huku akibaki ndani ya viwango vya kiwanda. Milimita hizo chache mara nyingi hutosha kuliondoa tairi kwenye plastiki ya nyuma. Kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za 70, zipo bolti za kuzuia usukani usikunjike kupita kiasi, na zinaweza kutolewa nje kidogo ili tairi lisiguse chasisi. Gharama yake ni kwamba gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka, jambo ambalo utalihisi ukiingia vichochoro vya mji wa kale karibu na Msikiti wa Juma.

Nyuma ya plastiki kuna mshono wa bati ambao baadhi ya mafundi huulaza kwa nyundo. Kwa kiasi kidogo unakubalika, lakini hewa yetu ina chumvi, na bati lililopasuka rangi hushika kutu ndani ya siku chache. Kwaruza palipogongwa hadi chuma safi, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, ziba mshono kwa gundi ya bodi, na urudishe plastiki baada ya kukauka kabisa. Kukata sehemu bodi inapokalia chasisi na kuichomelea upya ni kazi ya namna nyingine, inayogusa uimara wa gari likigongwa. Chaki ikikuonyesha kwamba tairi linafika hapo, rudi saizi moja chini.

Hatua ya sita: kufunga

Nunua matano ya saizi moja na meno ya aina moja. Prado huendesha magurudumu yote manne muda wote, na ukifunga mawili makubwa na mawili madogo, difu ya katikati itazunguka bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, hadi ife. Tairi la akiba nalo lipimwe mahali pake: chini ya gari linaweza kukosa nafasi, na mlangoni huongeza uzito kwenye bawaba.

Kabla ya kurudisha gurudumu, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya, kwani kutu iliyobaki hapo hudanganya nati. Anza nati zote kwa mkono, kaza kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na umalizie kwa spana ya kipimo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hakikisha nati ni za aina ya rimu yako, kwa maana za rimu ya chuma na za aluminiamu hazikai sawa kwenye magari mengi. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Piga balansi magurudumu yote, na alaimenti ifanywe mwisho, baada ya kila kitu kukaa mahali pake.

Hatua ya saba: upepo, breki na kasi

Kwa lami, anza na kiwango cha kibandiko cha mlangoni. Kama matairi mapya ni ya aina ya magari ya mizigo, yanayoandikwa LT, yataka upepo zaidi kubeba uzito ule ule, kwa hiyo omba jedwali la mtengenezaji kwa muuzaji. Mchangani, shusha hadi 20 psi (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji), na ukiona gari bado linachimba shusha hadi 16. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikunja usukani kwa nguvu. Ukiwa na upepo mdogo usizidi kilomita 40 kwa saa, na kabla hujaingia lami jaza tena, kwa kuwa ubavu uliolegea hupata moto na kupasuka. Geji na kompresa ndogo viwe ndani ya gari siku zote.

Spidomita ikionyesha 100, sasa gari linatembea karibu asilimia 3.4 zaidi ya lilivyotembea awali kwa alama hiyo hiyo. Kila gia sasa huvuta kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho, kwa hiyo kwenye mlima au nyuma ya lori utashuka gia mapema. Tairi kubwa ni zito na mzunguko wake ni mgumu kusimamisha; kagua pedi na mafuta ya breki kabla ya kulifunga, kisha jaribu kufunga breki mahali patupu uone gari linasimama umbali gani sasa. Mweleze pia wakala wako wa bima saizi mpya, na umwombe aiandike.

Baada ya safari ya kwanza ukiwa na mzigo kamili, ingia chini ya gari na tochi. Tafuta alama nyeusi zinazong'aa kwenye plastiki, kwenye stabilaiza na karibu na mpira wa breki, na ukague kama klipu ulizoongeza bado zipo. Badilishana nafasi za matairi, la akiba likiwamo, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na kila unapoyavua rudia ukaguzi huo.